Bawaba na Bawa: Historia ya Neno "Kardinali" na Tatizo la Majina ya Ndege katika Kiswahili

Katika kamusi za Kiingereza kidahizo "cardinal" huwa kirefu. Mna kivumishi chenye maana ya "kuu" au "ya msingi", kama inavyosemwa juu ya pande kuu nne za dunia. Mna kiongozi wa cheo cha juu katika Kanisa Katoliki. Mna rangi nyekundu iliyokoza. Na mna ndege wa Amerika ya Kaskazini mwenye kishungi, ambaye dume lake ni jekundu kuanzia utosini hadi mkiani. Katika matumizi ya kawaida, Kiswahili kimechukua moja tu ya maana hizo. Msemaji wa Kiswahili anapotamka "kardinali" au "kadinali" anamtaja mtu, wala hapana anayemsikia akadhani kwamba ametaja ndege.

Jambo hili huonekana dogo mpaka mfasiri anapokutana na sentensi ya mwandishi wa Kimarekani ambamo kardinali ametua juu ya theluji nje ya dirisha. Huonekana kubwa zaidi pale mtunzi wa kamusi au wa kitabu cha elimuviumbe anapogundua kwamba Kiingereza kimewapa vyeo vya kanisa hata ndege wa Afrika Mashariki yenyewe, ndege ambao wakulima wa pwani na bara wamewafukuza mashambani tangu zamani bila kuwahi kuwaita maaskofu. Je, kipi kifasiriwe hapo: ndege, rangi, au cheo? Swali hili halijibiki kwa kutazama kamusi mbili zilizowekwa sambamba. Linadai historia ya neno lenyewe, kwa sababu maana hizi nne hazikuzaliwa siku moja wala hazikai pamoja kwa bahati. Kila moja imeizaa nyingine, na kila uzazi ulikuwa na mahali pake na sababu yake.

Mlango wa Kirumi

Asili ya neno ni Kilatini "cardo". Kwa kawaida neno hilo hufasiriwa "bawaba", na tafsiri hiyo inatosha, ingawa inaweza kumpotosha msomaji anayefikiria bawaba za chuma zinazouzwa madukani leo. Mlango wa Kirumi ulizunguka juu ya vipini viwili, kimoja juu na kimoja chini, vilivyoingia katika matundu ya kizingiti cha juu na cha chini. Wanaoijua milango ya kale ya nakshi ya Lamu na Unguja hawana haja ya maelezo zaidi, maana nayo huzunguka kwa namna hiyo hiyo. Uzito wote wa ubao huketi juu ya kipini kidogo kisichoonekana, na kipini hicho kikivunjika mlango si mlango tena.

Kutokana na picha hiyo, Warumi waliita "cardo" ncha ambayo mbingu zilidhaniwa kuizunguka, na pia barabara kuu ya mji iliyotoka kaskazini kwenda kusini. Kivumishi "cardinalis" kikapata maana ya jambo ambalo mengine hulitegemea. Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alikitumia kwa fadhila nne za busara, haki, nguvu na kiasi. Inafaa kutajwa hapa kwamba katika maandishi ya Kikatoliki ya Kiswahili fadhila hizo huitwa pia "maadili bawaba". Aliyeibuni istilahi hiyo aliirudisha sitiari kwenye mlango ilikotoka. Tena, kwa sadfa njema, neno "bawaba" ni la ukoo mmoja na "bawabu", yaani mlinda mlango, yote yakitokana na Kiarabu "bab". Haikosi kushangaza kwamba lugha iliyoweza kusema "maadili bawaba" haikuwahi kujaribu kusema "kasisi bawaba". Cheo kilikuja na jina lake tayari, nacho hakikumngoja mfasiri.

Kasisi aliyehamishwa

Juu ya namna neno hili lilivyoingia kanisani kuna maelezo mawili, na tofauti kati yake si ya wataalamu wa sheria peke yao. Maelezo ya kwanza ni ya fahari. Papa Leo IX, katika waraka wake wa mwaka 1054 kwa Patriaki Mikaeli Kerulario wa Konstantinopoli, alisema kwamba makasisi wa kiti cha Roma huitwa makardinali kwa kuwa wanashikamana kwa karibu na bawaba ambayo mengine yote huizunguka. Bawaba ni Roma. Makardinali ni walio jirani nayo. Maelezo haya yalipendwa sana, nayo ndiyo yanayorudiwa hata leo katika vitabu vya dini.

Maelezo ya pili hayana fahari hiyo. Stephan Kuttner, mwanahistoria wa sheria za kanisa, alionyesha mwaka 1945 kwamba katika matumizi ya mwanzo neno hili lilihusu uhamisho. Katika barua za Papa Gregori Mkuu, aliyetawala kuanzia mwaka 590 hadi 604, askofu "cardinalis" ni askofu ambaye jimbo lake limevurugwa, kwa vita kwa mfano, naye akawekwa rasmi katika jimbo jingine lisilo na mchungaji. Alichomekwa pale kama kipini kinavyochomekwa katika tundu lake. Ndivyo ilivyokuwa pia Roma: maaskofu wa miji ya jirani na mapadri wa makanisa ya mjini walikwenda kwa zamu kuhudumu katika basilika kubwa za Papa, yaani walihudumu katika kanisa ambalo si lile walilowekewa wakfu. Kwa hiyo wakaitwa makardinali. Kitenzi "incardinare" bado ki hai katika sheria ya Kanisa Katoliki. Sheria ya mwaka 1983 inamtaka kila kleri awe amefungamanishwa kwa namna hiyo na jimbo au shirika fulani, asiwe mtu wa kutangatanga.

Ushahidi wa barua za Gregori unaelemea upande wa Kuttner, na maelezo ya Leo yanafaa kusomwa kama tafsiri mpya ya neno lililokwisha kuwapo, tafsiri iliyotolewa wakati Roma ilipokuwa ikigombania ukuu na Konstantinopoli. Mhakiki wa fasihi ataitambua hali hii. Sitiari iliyochoka, ambayo wasemaji wake wameisahau, hufufuliwa na mtu mwenye haja nayo, naye huielekeza anakotaka. Kipini kilichochomekwa kikawa bawaba ya ulimwengu.

Baada ya hapo cheo kilikua haraka kuliko maana. Sinodi ya Laterani ya mwaka 769 ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba Papa achaguliwe miongoni mwa mapadri na mashemasi makardinali. Mwaka 1059 Papa Nikolasi II aliwapa makardinali maaskofu nafasi ya kwanza katika kumchagua Papa, na Mtaguso wa tatu wa Laterani wa mwaka 1179 ukaweka sharti la theluthi mbili za kura za makardinali wote. Kwa karne kadhaa makasisi wa makanisa makubwa nje ya Roma nao walijiita makardinali, hadi Papa Pius V alipolifunga jina hilo mwaka 1567 na kuliacha kwa wale wa Roma tu. Mwaka 1586 Sixtus V aliweka kikomo cha makardinali 70, kikomo kilichodumu hadi Yohane XXIII alipokivuka. Alama ya asili ya neno haikufutika: kila kardinali, hata akiwa Nairobi au Dar es Salaam, hupewa kanisa lake mjini Roma kwa jina. Maurice Otunga, aliyefanywa kardinali mwaka 1973, alipewa kanisa la Mtakatifu Gregori Barbarigo. Kwenye karatasi alikuwa padri wa mtaa wa Roma.

Wekundu uliotoka kwa wadudu

Hakuna lolote katika historia iliyoelezwa hadi hapa linaloelekea kwa ndege. Daraja ni rangi, na rangi hiyo ilikuja baadaye.

Katika Mtaguso wa Lyon wa mwaka 1245 Papa Inosenti IV aliwapa makardinali kofia nyekundu pana, ishara kwamba wawe tayari kuimwaga damu yao kwa ajili ya imani. Mavazi mekundu kamili yalifuata polepole. Rangi ya heshima katika dunia ya Kirumi na ya Bizanti ilikuwa zambarau iliyokamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini, kazi ngumu iliyohitaji maelfu ya konokono kwa kitambaa kimoja. Konstantinopoli ilipoanguka mwaka 1453, biashara hiyo ilikatika. Mwaka 1464 Papa Paulo II aliagiza kwamba "zambarau ya makardinali" itiwe kwa rangi ya kermesi, wadudu wadogo wanaonata kwenye matawi ya aina fulani ya mwaloni katika nchi za Mediterania. Jina likabaki zambarau. Macho yakaona nyekundu. Baada ya Wahispania kuiteka Meksiko mwaka 1521, mdudu mwingine, anayeishi juu ya mpungate, alianza kuletwa Ulaya, naye alitoa rangi iliyokoza kuliko ile ya kermesi.

Inafaa kusita kidogo juu ya wadudu hawa. Jina kermesi limetokana na Kiarabu "qirmiz", ambalo nalo linahusiana na neno la Kiajemi lenye maana ya funza. Kilatini kilikuwa na njia yake yenyewe ya kufika mahali hapo hapo, maana "vermiculus", yaani funza mdogo, ndilo lililozaa jina la rangi nyekundu katika Kifaransa na Kiingereza. Kiebrania cha Agano la Kale nacho huitaja rangi nyekundu ya mapazia ya hema la kukutania kwa neno lenye funza ndani yake. Basi kabla kanisa halijampa mnyama yeyote jina, wanyama walikuwa wamekwisha kulivika kanisa. Konokono, mdudu wa mwaloni na mdudu wa mpungate wamo katika joho la kardinali, na kila mmoja alifika huko kwa njia ya biashara, vita au utekaji.

Katika istilahi za uhakiki, hatua ya kutoka mlangoni hadi kwa kasisi ilikuwa sitiari, ilhali hatua ya kutoka kwa kasisi hadi kwa rangi ilikuwa taashira: vazi likasimama mahali pa mvaaji. Tofauti hii ina uzito. Sitiari inaweza kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine kwa urahisi, kwa kuwa milango iko kila mahali. Taashira huhitaji watu ambao wamelizoea vazi lile kwa macho yao.

Ndege wa Virginia

Wazungu walioivuka Atlantiki katika karne ya 16 na ya 17 walikuwa watu wa namna hiyo. Hata Mprotestanti wa Kiingereza aliyemchukia Papa alijua kardinali anavyovaa, na pengine alijua zaidi kwa kuwa alimchukia. Alipokutana na ndege mwekundu mwenye kishungi kilichochongoka na barakoa nyeusi kuzunguka mdomo, jina lilikuwa karibu. Halikuwa jina la pekee. Ndege huyo alifugwa vizimbani na kuuzwa Ulaya kwa sauti yake, akiitwa kwa majina ya namna mbalimbali, na Mark Catesby, aliyeandika juu ya viumbe wa Carolina katika miaka ya 1730, alimwita tu ndege mwekundu. Carl Linnaeus ndiye aliyeikata shauri mwaka 1758 alipomwandika "Loxia cardinalis". Kuanzia hapo taashira iliyokuwa mdomoni mwa mabaharia na walowezi ikawa istilahi ya sayansi.

Mwaka 1838 Charles Lucien Bonaparte alimtenga ndege huyo katika jenasi yake na kuiita "Cardinalis". Mtu huyu anastahili zaidi ya kutajwa kwa jina. Alikuwa mwana wa Lucien, nduguye Napoleon. Aliishi Marekani kwa miaka kadhaa akichunguza ndege, kisha akarudi Italia. Mwaka 1849 wananchi wa Roma walipompinga Papa Pius IX na kutangaza Jamhuri, Bonaparte alikuwa makamu wa rais wa bunge lao. Jamhuri ilivunjwa na majeshi ya Ufaransa, naye akaishia uhamishoni na kufa Paris mwaka 1857. Lakini wakati alipokuwa akiliandika jina "Cardinalis" katika orodha yake, nyumbani kwake alikuwamo mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1828, Lucien Louis. Mtoto huyo alikua akawa padri, na mwaka 1868 Pius IX, Papa yule yule aliyekuwa amepingwa na baba, alimfanya kardinali. Mwandishi wa riwaya angeogopa kulibuni tukio la namna hii. Linaonyesha hata hivyo jinsi maana mbili za neno zilivyokuwa zinaishi katika nyumba moja, zikieleweka pamoja bila mtu yeyote kuhitaji maelezo.

Jina la kisayansi lenyewe halikutulia. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 ndege huyo aliandikwa katika jenasi "Richmondena", kwa heshima ya mwanasayansi wa Kimarekani, kabla ya kurudishwa kuwa "Cardinalis cardinalis" mwaka 1983. Majimbo 7 ya Marekani yamemchagua kuwa ndege wao rasmi, na kwa Wamarekani wengi wa leo mkondo wa maana umegeuka: ndege ndiye wa kwanza kuja akilini, na mzee wa Roma huja baadaye, akihitaji kofia ili atambulike.

Si ndege peke yake aliyevishwa joho. Tumbili fulani wa Amerika ya Kati na Kusini huitwa kapuchini kwa kuwa nywele za utosini mwake ziliwakumbusha Wazungu kofia ya watawa wa shirika hilo, ambalo lilianza Italia katika miaka ya 1520. Samaki wadogo wa familia ya Apogonidae, ambao wamo pia katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, huitwa kwa Kiingereza samaki kardinali, kwa kuwa baadhi yao ni wekundu. Mfano unaofundisha zaidi, hata hivyo, ni wa mdudu anayekunja miguu yake ya mbele kifuani. Linnaeus alimwita "religiosa", mcha Mungu, na Kiingereza humwona akisali. Kiswahili humwita vunjajungu. Waliompa jina hilo walimtazama mdudu yule yule, katika mkao ule ule, lakini hawakuona sala. Waliweka katika jina lake imani kwamba anayemgusa au kumdhuru atavunja chombo chake. Dini ilikuwapo pwani, na watu walisali mara tano kwa siku. Hawakuona sababu ya kumhusisha mdudu na sala hiyo.

Njia ya neno hadi Kiswahili

Msamiati wa Kikristo wa Kiswahili ni tabaka juu ya tabaka. Kanisa, askofu, kasisi, msalaba na injili yalipitia Kiarabu, ambacho nacho kilikuwa kimeyapata baadhi yake kutoka Kigiriki na Kisiria. Padri ni la Wareno. Kardinali si la tabaka lolote kati ya hayo. Lingekuwa la Wareno lingefanana na "cardeal" yao, na halifanani. Lilikuja na wamisionari wa karne ya 19 na ya 20, na tahajia zake mbili bado zinaonyesha milango miwili lilimopitia. "Kardinali", linalotawala Tanzania, limehifadhi "r" ya Kilatini na Kiitaliano. "Kadinali", linalosikika sana katika vyombo vya habari vya Kenya, ni la sikio lililozoea Kiingereza cha Uingereza ambacho hakiitamki "r" hiyo. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alipomfanya Laurean Rugambwa wa Bukoba kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi, neno likapata mtu wa kulibeba. Wakafuata Joseph Malula wa Kinshasa mwaka 1969, Otunga wa Nairobi mwaka 1973 na Emmanuel Nsubuga wa Kampala mwaka 1976. Tangu hapo "kardinali" kwa Mswahili lina sura za watu wanaojulikana kwao na ukoo wao.

Sarufi nayo iliamua. Neno liliwekwa pamoja na vyeo vingine vya mkopo: askofu, maaskofu; shehe, mashehe; kardinali, makardinali. Majina ya ndege, kwa sehemu kubwa, hayapokei kiambishi hicho: njiwa ni njiwa, kunguru ni kunguru, wawe mmoja au mia. Mfasiri akiandika kwamba makardinali watatu walitua juu ya uzio, msomaji wake ataona mahujaji wazee katika mkao wa ajabu. Upatanisho wa kisarufi hautamsaidia, kwa sababu mtu na ndege wote hupatanishwa kwa "a-" na "wa-". Kiswahili kilichukua kiungo kimoja cha mnyororo, yaani cheo, bila mlango uliokitangulia na bila rangi iliyokifuata. Msemaji wa kawaida hamfikirii kardinali kuwa ni mwekundu kwanza. Humfikiria kuwa ni mkubwa.

Maaskofu wa shambani

Kwa ndege wa Marekani, ugumu huu una mipaka. Mfasiri anaweza kuandika "ndege mwekundu" na kuongeza kishungi, kama Catesby alivyofanya kwa Kiingereza, au kuandika "ndege kardinali" mara moja na kuendelea na "ndege huyo". Atapoteza kidogo. Asilolazimika kufanya ni kumweka ndege wa Afrika mahali pake kwa sababu tu naye ni mwekundu.

Ugumu wa kweli uko nyumbani. Ndege wa jenasi "Euplectes", ambao Kiswahili huwaita kweche, kwa Kiingereza huitwa maaskofu. Kuna mmoja wa pwani ya Kenya na Tanzania na wa Unguja, "Euplectes nigroventris", ambaye vitabu vya Kiingereza humwita askofu mwekundu wa Zanzibar. Mwingine wa kaskazini, anayefika hadi eneo la Baringo, alipewa mwaka 1789 jina la "franciscanus", Mfransisko, ingawa dume lake ni la rangi ya moto na weusi, na watawa wa Fransisko huvaa kahawia. Madume ya kweche huwa mekundu wakati wa kuzaliana tu. Msimu ukipita hunyonyoka manyoya hayo na kubaki ya rangi ya majani makavu, yasitofautike na majike. Askofu wa namna hiyo anavua cheo kila mwaka.

Mkulima wa mpunga au wa mtama, akiwa juu ya dungu akiamia ndege, humjua kweche kwa kazi yake. Humjua kwa wingi wake, kwa namna anavyoning'inia kwenye suke, na kwa wakati anaokuja. Jina lake halina rangi wala cheo, na halihitaji. Hata hivyo mwanafunzi anayesoma elimuviumbe kwa Kiingereza mjini hujifunza "bishop" kabla ya kweche, na akitakiwa kuandika kwa Kiswahili hufasiri anachokijua: "ndege askofu". Si kosa la sarufi. Ni jina la mtu aliyewatazama ndege wa pwani akiwa na kanisa la kwao machoni, likirudishwa pwani katika lugha ambayo ilikuwa na jina lake tayari. Kila linapochapishwa, kweche husogezwa hatua moja kuelekea orodha ya maneno ya wazee.

Haifuati kwamba Kiswahili kiyakatae majina yote ya kisayansi. Wakulima wa Tanzania husema kweleakwelea bila kujua au kujali kwamba ni "Quelea quelea" ya Linnaeus, na neno hilo limekubalika kuliko maneno mengi yaliyobuniwa kwa uangalifu. Lilikubalika kwa sababu makundi ya ndege hao humaliza shamba kwa muda mfupi, na maafisa wa kilimo walihitaji kusema nao. Lilikuja na haja yake, kama kardinali lilivyokuja na yake.

Mfano ulio mgumu kuliko yote ni wa mahali ambapo njia zote mbili zinakutana. Katika jenasi hiyo ya kwelea mna ndege mdogo wa Afrika Mashariki aliyepewa mwaka 1880 jina la "Quelea cardinalis", kwa wekundu wa kichwa cha dume. Mtunzi wa kamusi akimwita "kwelea kardinali", amemvisha joho ambalo msomaji wake halioni. Akimwita "kwelea kichwa-chekundu", amempa jina linalomfaa pia "Quelea erythrops", ndege mwingine wa jenasi hiyo hiyo ambaye jina lake la Kigiriki lina maana karibu na hiyo. Tofauti yao iko kooni: wekundu wa "cardinalis" hushuka hadi kifuani, wa "erythrops" huchanganyika na weusi kooni. Jina la Kiswahili litakalofaa litatokana na koo hilo au na jambo jingine ambalo mwenye dungu amekwisha kulibaini, nalo litapatikana kwa kumwuliza yeye kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.